Koti Linaloogopa Moto

…na ukiliminya hapa chini ya kwapa unasikia kabisa, juu pakavu, ndani bonge, manyoya ya ndege yaliyojazwa humo yamelowa yakajikusanya na kukataa kuachana, na mimi nimekaa nalo tangu asubuhi kwenye hiki kigoda, mgongo wangu, macho yangu, moshi wa kuni mbichi humu jikoni umechagua uso wangu tu, na Veronika huko nje barazani anamenya ndizi na kuuliza tena kwa ile sauti yake ya kuogopa kusumbua, wifi, limekauka?, linakaribia, nasema, linakaribia, hivyo ndivyo nilivyosema saa nne na ndivyo nilivyosema saa sita, sasa ni saa nane na linakaribia vilevile, lingekuwa blanketi ningelikamua mambo yakaisha, lakini hili halikamuliwi, hili linafinywa taratibu, linapigwapigwa kwa viganja ili manyoya yavimbe, zipu wazi, mifuko nje, hatua mbili kutoka kwenye mafiga, usoni mwa upepo wa mlango, kila robo saa linageuzwa, najua, najua yote, katika milima hii yote ya Uluguru hakuna mwanamke anayejua kukausha koti la mzungu kama ninavyojua mimi sasa, sasa, baada ya… jana tumelifulia kisimani pamoja na nguo zake nyingine kwa sababu kesho ni arobaini ya mdogo wangu Severin na nguo za marehemu hazigawiwi zikiwa na jasho lake, mashati yamekauka, suruali ya kaki imekauka kiunoni ikabaki mbichi miguuni, jua hatujaliona tangu Pasaka, kabichi zinaoza shambani, na wakasema koti apewe Cecilia, Cecilia dada mkubwa, Cecilia ana mikono, apewe yeye, na mimi nikalipokea kwa mikono miwili hii hapa, na kesho baada ya misa mjomba Laurenti atasimama uani mbele ya ukoo, atamwita Jastin wangu, atamvisha, na kuanzia hapo mwanangu ataitwa Severin, maana kwetu Waluguru vitu vya mjomba huenda kwa mpwa, nguo na jina na kazi pia, Jumatatu Jastin anapanda kule juu mlimani Lukwangule kuangalia vile vifaa vya kupimia mvua ambavyo mjomba wake alikuwa akiviangalia, wameshamwita, ana miaka ishirini na sita, ana mke, ana mtoto wa miezi saba ambaye hata kukaa hajui vizuri, na jana usiku wa kuamkia leo, hapana, jana mchana, alikula hapa akaniambia, mama, hili koti mvua inateleza juu yake kama juu ya jani la magimbi, na mimi nikamwambia kula, ugali unapoa.

Haitelezi. Nisijidanganye hapa ambapo hakuna anayenisikia, haitelezi, inapita, inaingia kwenye mishono ya mabega na mgongoni katikati, mahali ambapo ule utepe wa ndani umebanduka, nikilifungua hivi nauona, mweusi, umejikunja pembeni, na hakuna mwingine aliyeutazama, kwa sababu nani hutazama koti ndani, wanaume waliomwosha Severin walilivua wakalitupa pembeni, Veronika mkewe alilikunja akilia, jana kisimani nililinyakua mimi kwanza nikasema acheni hili nitalifua mwenyewe lina masharti yake… masharti, Severin na masharti yake, yule mama wa vyura alikuja miaka mitatu mfululizo kuhesabu vyura kule msituni na mwaka wa tatu akamwachia koti, na pamoja na koti akamwachia mahubiri, na Severin akawa mhubiri, akija hapa analigeuza ananionyesha ile lebo yenye vipicha, ona dada, pasi imepigwa msalaba, maana yake marufuku, na hiki?, hiki usilikamue, na hapa usiliweke juani likaiva, kwao wana mashine wanalitia humo pamoja na mipira miwili linarukaruka mpaka manyoya yanavimba, mipira?, mipira, dada, nakuapia, tukacheka mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini, na moto?, nikamwuliza, moto kabisa hapana, huu utepe ndio unaozuia maji kwenye mishono, umeshikwa na gundi, moto unaiyeyusha, nikamwambia koti gani linaogopa moto, wewe mwenyewe ulizaliwa wiki ya mafuriko tukakulaza hapo karibu na mafiga siku tatu mbona hujayeyuka, akacheka, alikuwa na cheko la puani Severin, akasema mimi sina gundi dada. Alinieleza, basi. Hakuna siku nitakayoweza kusema sikuelezwa.

Lakini kitu gani kwetu hakikaushiwi juu ya moto, ninainua macho na uchaga uko palepale juu ya mafiga, mweusi kwa masizi, una mahindi ya mbegu, una kuni, una maharage kwenye ungo, viatu vya shule vya Jastin vilikaa pale miaka yote saba ya msingi, nepi zilikaa pale, mwezi wa nne huku juu usipokuwa na uchaga unavaa maji, mama alinifundisha na yeye alifundishwa, chochote kilicholowa kinapanda pale, unachochea kidogo, unalala, asubuhi kimekauka, mkono wangu unajua njia hiyo hata nikiwa usingizini, na jioni ile Severin alikuja ametota, Veronika alikuwa kwao Kinole akimuuguza mama yake, nyumba yao haina moto, akasema dada nitundikie tu hapo mlangoni kwenye upepo, hata likibaki na unyevunyevu si neno, nitatoka nalo hivyohivyo alfajiri, litakaukia mwilini… hivyohivyo, alisema hivyohivyo, angeondoka nalo bichi angekuwa leo yuko huko nje anawatania wamenya ndizi, na mimi nikaona huruma, ndiyo, huruma, ndicho kinachonichoma, nisingempenda ningeliacha mlangoni, nikaona mvua inapigwa na upepo inaingia ndani, nikasema atakwendaje juu na nguo mbichi kifua chake kile, nikalipandisha kwenye uchaga, nikachochea, nikatia gogo la mkaratusi, nikaenda kulala nimeridhika.

Alfajiri nililishusha limekauka kweli, mgongo wake umejikunyata kidogo, na utepe umening'inia, vipande vitatu, nikajua, palepale nikajua, nikaubonyeza kwa kidole gumba na kwa kuwa gundi ilikuwa bado vuguvugu ukashika, nikabonyeza na mwingine ukashika, nikapuliza, nikajiambia si unaona umeshika, na Severin akaingia na tochi kichwani, Amosi mwenzake wa kazi anamsubiri njiani, akalinusa, ah, dada, linanuka moshi, uliliweka motoni?… maneno matatu yangetosha, ndiyo Severin samahani, angefoka kidogo, angesema nilikwambia, angechukua turubai lake akajifunika na safari ikaendelea, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, nikaogopa kuonekana mshamba mbele ya mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikaogopa achekeshe watu kijiweni kwamba dada Cecilia kapika koti, nikasema nyumba nzima inanuka moshi, ni upepo tu umelikausha, akasema asante dada, akalivaa, akavuta zipu mpaka kidevuni, akaondoka. Upepo tu. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa ndugu yangu, nilimdanganya kuhusu hali ya hewa ya jikoni mwangu.

…anayesema huko nje ni Mama Glory, jirani, sauti yake inapenya mpaka kwenye sufuria, anasema kesho atakuja au hatakuja, na mwenzake anasema aje na uso gani, na Veronika namsikia kisu chake tu kwenye ndizi, wanamsema Amosi, siku arobaini hawana mwingine wa kumsema, na hesabu yao imenyooka, hata mimi ningekuwa sijui ningeikubali, wawili walipanda, mmoja ana koti la mzungu lisilopitisha maji na turubai juu yake, mwingine ana mfuko wa mbolea aliotoboa tundu la kichwa, mvua ikawanyeshea mchana na usiku na mchana, na aliyekufa kwa baridi ni mwenye koti, aliyerudi ni mwenye mfuko, tena amerudi na turubai la marehemu mabegani, haya, niambieni, Mama Glory anasema, niambieni tu, mtu aliyevaa koti lile anakufaje kwa baridi kama hakuvuliwa, Amosi alimvua akavaa yeye, mwenzake alipokata roho akamvalisha akashuka kulia, na Amosi alilia kweli, pale pale uani, magoti kwenye tope, akasema jamani alinipa mwenyewe, aliniambia Amosi chukua turubai, wewe unalowa, mimi nina koti, na watu wakaguna, nani anagawa turubai Lukwangule wakati wa masika, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mjomba Laurenti na niliisikia sauti ya Severin ndani ya maneno yale, ndivyo angesema, mimi nina koti, aligawa turubai lake kwa neno langu, kwa upepo tu, alimwamini dada yake akampa mwenzake kinga yake yote akabaki na ile niliyoiyeyusha, na walimkuta ameketi chini ya mti, zipu mpaka kidevuni, na kesho wakishamvika Jastin ukoo utakaa juu ya Amosi, atafukuzwa, hilo limekwisha amuliwa, na vijana wameapa nyumba yake haitafika Jumapili, ana watoto wanne mle ndani, mdogo nilimpokea mimi alipozaliwa.

Geuza. Robo saa imefika, geuza, mgongo kwenye upepo, finya, pigapiga, hili bonge la kwapani linaanza kuachia, manyoya yananyanyuka kidogo kidogo, na kumbe kazi yenyewe si ngumu, hilo ndilo linalonitia hasira, ni kukaa tu, ni kutokuwa na haraka, ningekesha nalo usiku ule mmoja hivi hivi kwenye hiki kigoda… na tangu asubuhi kuna wazo limekaa na mimi hapa upande wa pili wa moto, nimelifukuza mara mbili limerudi, linasema Cecilia, hatua mbili tu, koti linaogopa moto, si unajua linavyoogopa, nyosha mkono, umechoka, umesinzia, moshi umekupofusha, limeteleza, aa jamani, limeungua!, watakuja mbio, watanipa pole, pole dada, pole wifi, hukukusudia, mjomba Laurenti atamvisha Jastin shati la kitenge badala yake, jina ni jina, na Jumatatu Jastin atapanda na turubai kama watu wengine na atarudi, atarudi, mwanangu atarudi, na hakuna atakayefungua koti lililo majivu akatazama utepe, nami nitazeeka nikiombewa misa ya shukrani, na ninaona mkono wangu umeshasogea, sikuuamuru, sijui umesogea saa ngapi, mkono wa koti uko juu ya figa, na ile harufu imeanza, harufu ileile ya alfajiri ile, tamu kidogo, ya gundi, na sitaki kuurudisha, Mungu wangu, sitaki kuurudisha.

Huko nje visu vimesimama vyote kwa pamoja, na kuna miguu kwenye tope na kuna kikohozi ninachokijua, na mzigo unatuliwa chini, kuni, kuni kavu zinalia tofauti na mbichi, na sauti inasema hodi, kisha inasema shikamoo mama, kwa mama yangu mzee Martina aliyeketi kwenye mkeka, na mama haitikii, mama yangu ambaye humwitikia hata mlevi, haitikii, na Mama Glory anatema mate, namsikia, na miguu inakuja mpaka kwenye mlango wa jiko, kivuli, Amosi, ule mfuko wa mbolea begani, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa, shikamoo dada Cecilia, nimeleta kuni za kesho, nilizikausha kwenye uchaga wangu wiki mbili, hazitakusumbua na moshi, na macho yake yanashuka yanaona koti, na yanaona mahali mkono wa koti ulipo, na mtu huyu, mtu huyu ambaye wanataka kumchomea nyumba, anasema haraka kama mtu anayemuonea huruma mtoto, dada, angalia, litaungua, hilo haliwekwi karibu na moto, Severin alikuwa akituambia kila siku… na mimi naurudisha mkono. Marahaba, nasema. Sijamwitikia mtu huyu kwa siku arobaini. Anasubiri kidogo kama kuna neno jingine linakuja, halafu anasema haya, basi, anaondoka, na visu vinaanza tena, na Mama Glory anasema kwa nguvu ili amsikie, hana hata haya.

Nani hana haya, na koti liko magotini mwangu, pindo la mkono limesinyaa upana wa kidole, na ninalitazama na kuona jambo ambalo ningeliona mapema kama nisingekuwa na shughuli ya kujihurumia, kwamba Amosi hana shahidi, Severin amekufa, Lukwangule haisemi, na kitu pekee duniani kinachoweza kusema Amosi alisema kweli ni hiki, huu utepe, hii mishono mitatu, na mimi nilikuwa nakishikilia juu ya moto na kujiita mama mwenye huruma kwa mwanawe, huruma tena, ileile ya gogo la mkaratusi, ningemwokoa Jastin kweli na ningewaacha watoto wanne wa Amosi wachomewe nyumba, na koti jingine lingekaushwa na uongo jikoni mwangu… kesho, basi, kesho kabla mjomba Laurenti hajamvisha nitaomba jagi la maji, watadhani nataka kunywa, nitaligeuza koti ndani liwe nje wauone utepe wote, kisha nitaligeuza tena nje liwe nje, niliweke begani kwangu mwenyewe na kumwambia Jastin mimina, na maji yatapita, yatanilowesha gauni langu la misa mbele ya ukoo mzima, na nitasema nani alilikausha na wapi na alimjibu nini mwenye koti alipouliza, na Jastin atakuwa ameshika jagi, ataniangalia, hapo ndipo ninapokwama, si kwa mjomba Laurenti wala kwa Mama Glory, ni kwa macho ya Jastin juu ya lile jagi, na macho ya Veronika, na mama atainuka kwenye mkeka wake aende ndani, na labda sitaitwa tena dada mkubwa hapa, labda nitakula peke yangu, labda vijana waliotaka nyumba ya Amosi wataitazama ya kwangu, naogopa, sitakuwa mtu mwema kesho, nitakuwa mtu aliyechelewa siku arobaini, lakini utepe utakuwepo, na ili uwepo ni lazima koti hili likaushwe vizuri, mbali na moto, taratibu, jinsi alivyosema, finya, pigapiga, geuza.

Mvua haijapungua. Veronika amesogea mlangoni, namwona miguu tu na pindo la khanga, anasema wifi, samahani nakusumbua, mjomba Laurenti ametuma mtu anauliza, limekauka?, na lile neno langu la tangu asubuhi, linakaribia, linapanda lenyewe mpaka kwenye meno.

"Bado," nasema. "Halijakauka, Veronika. Ingia ukae hapa, unishikie upande huu."